Umewahi Kusafiri Naye?

Ndugu msomaji, maneno haya yalisemwa kwanza kwa mdomo, mbele ya vijana wenzangu hapa Kisii, baada ya Swala ya Alasiri, ule wakati watu wana kiu na macho yote yako kwenye saa. Nimeombwa niyaandike kwa ajili yako wewe ambaye hukuwepo. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, kwa hiyo ukiona mahali Kiswahili cha kitabu kimeshuka kikawa cha stejini, univumilie.

Ama baad. Imepokewa kwamba mtu mmoja alikuja kwa Sayyidna Umar (R.A.) kumshuhudia mwenzake kuwa ni mtu mwema. Umar akamhoji. Je, ni jirani yake, anayemwona akiingia na kutoka? La. Je, amewahi kufanya naye biashara, pesa ikapita kati yao? La. Je, amewahi kusafiri naye? La. Basi Umar akamwambia kuwa hamjui. Labda amemwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha.

Hebu litazame hilo swali la tatu. Hata neno lenyewe safari tumelitoa kwenye Kiarabu, na wanazuoni wa lugha wanasema asili yake ni kufunua, kwa sababu safari humfunua mtu tabia yake. Tumezoea kulitumia swali hili kwa marafiki na wachumba. Mimi leo naliuliza kwa watu wa nyumbani. Umewahi kusafiri na babako? Na mamako je, umewahi kukaa naye kiti kimoja saa saba? Nyumbani kila mtu ana pahali pake. Baba ana kiti chake, mama ana jikoni, sisi tuna simu zetu. Lakini ndani ya matatu ya abiria 14 hakuna jikoni wala sebule, mmebanwa magoti kwa magoti, na hapo ndipo unapowajua.

Nitakupa mfano wa kwetu. Mzazi hasemwi ovyo, na ruhusa ya kuyasimulia haya amenipa baba mwenyewe, tena huku akicheka.

Sisi twakaa Nyanchwa, huu mlima ulio juu ya mji wa Kisii, ambao kila mtu hapa anaujua kama mlima wa Waadventista, na ndivyo ulivyo. Baba ni Mnubi wa hapa mjini. Wazee wake waliletwa huku kwa jeshi la Mwingereza. Mama ni Mkisii wa upande wa Nyamira, alisilimu alipoolewa. Mamake mama, ambaye sisi twamwita Magokoro, ni Mwadventista wa kweli kweli, Jumamosi hagusi hata jembe. Watu huniuliza, mwaishi vipi? Twaishi vizuri. Nguruwe hali, pombe hanywi, na siku yake huanza jua likitua kama yetu inavyoanza. Chungu chake hakijawahi kututia shaka.

Ramadhani ya mwaka 2024 dadangu aliyeolewa Mombasa alijifungua mtoto wa kwanza. Magokoro akasema hafi kabla hajamwona kitukuu na kabla hajaiona bahari, kwa mpango huo. Basi ikapangwa safari ya jamaa nzima. Siku ya Jumamosi haiwezekani kwa sababu ya Magokoro, tukachagua Jumapili. Na kwa vile sisi tumo kwenye swaumu, tukachagua gari la saa kumi na nusu za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri.

Hapo pa alfajiri panataka maelezo, maana vijana wengi hawapajui. Ruhusa ya msafiri kula mchana wa Ramadhani iko ndani ya Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185: mgonjwa au msafiri atakamilisha hesabu katika siku nyingine. Lakini kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa wengi wetu huku na Pwani, msafiri anayeitumia ruhusa siku ile ni yule aliyetoka mjini kwake kabla ya alfajiri kuingia. Ukiamka na swaumu yako nyumbani, ukaondoka saa mbili asubuhi, siku hiyo yabaki ni ya kufunga, isipokuwa uzidiwe. Na safari yenyewe iwe ndefu, kiasi cha kilomita 80 na kitu. Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya 300, kwa hivyo hapo hakuna mjadala.

Baba ana ugonjwa wa sukari na anatumia vidonge. Ruhusa anazo mbili basi, ya safari na ya ugonjwa, na kliniki walishamwambia. Mama akamkumbusha. Jibu lake likawa hajawahi kuiacha swaumu tangu utotoni, hataanza uzeeni. Akala daku kidogo, akameza kidonge, tukaondoka.

Kuna jambo jingine la kukueleza hapa. Wakisii wana heshima yao iitwayo chinsoni. Kwa desturi ya wazee, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani, hawakai ubavu kwa ubavu, hawali pamoja. Baba si Mkisii, lakini amezaliwa hapa, na chinsoni aiheshimu kuliko hata Wakisii wengine wa siku hizi. Kwa hiyo akaketi mbele na dereva, na Magokoro akawekwa nyuma kabisa pamoja na mama, kikapu chake mapajani. Miaka yote nimewaona hawa wawili wakisalimiana kwa mbali, mmoja akiangalia chini.

Tukapita Keroka, Sotik, tukaswali Alfajiri kwenye kituo cha mafuta Bomet, dereva akatupa dakika kumi kwa roho safi. Kufika Mulot gurudumu likapasuka, na la akiba nalo halina upepo. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Baba akateremka kusaidia, anashika jeki, anasukuma, jua limeshapanda. Tulipoondoka na kufika karibu na Ololulunga, kule kwenye mashamba ya ngano, nikaona shingo yake imelowa jasho na mkono wake watetemeka juu ya dirisha. Mama akamwita, akajibu kitu kisichoeleweka.

Kabla yeyote hajaamua la kufanya, Magokoro amekwisha simama, kichwa kimegonga paa, amempokeza abiria wa mbele ndizi mbivu mbili, halafu akaona zinachelewa, akapenya mwenyewe kati ya viti mpaka kwa baba. Akamshika bega. Akamwambia, "Mwanangu, kula. Mungu wako hajakutuma ufe kwa gari." Baba akala kutoka mkononi mwake.

Baada ya robo saa alikuwa mzima, anauliza tumefika wapi. Tangu Ololulunga hadi Narok hakuna aliyesema neno. Halafu baba akageuka nyuma, akamtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona, akasema, "Asante mama."

Ndugu msomaji, mimi nimesoma madrasa tangu nikiwa na miaka mitano, na masuala ya ruhusa nimeyakariri. Lakini ruhusa ile ilipofika kwenye gari lile ililetwa na bibi asiyefunga Ramadhani. Imesimuliwa na Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa safarini aliona watu wamemzunguka mtu mmoja na kumtilia kivuli. Akauliza ana nini, akaambiwa amefunga. Akasema kwa maana kwamba si katika wema kufunga safarini namna hiyo. Na Anas (R.A.) akasimulia safari nyingine ya siku ya joto kali: waliofunga wakaanguka kwa uchovu, wasiofunga wakasimamisha mahema na kuwanywesha wanyama maji, na Mtume (S.A.W.) akasema ni hao wasiofunga walioondoka na thawabu siku ile. Anas huyo huyo pia amesimulia kuwa walikuwa wakisafiri, aliyefunga hamlaumu anayekula, wala anayekula hamlaumu aliyefunga. Kwa hiyo wewe mwenye nguvu funga safarini, ni bora kwako kwa Shafi ikiwa huna dhara. Lakini usimtazame kwa jicho baya anayekunywa maji kiti cha pili. Hujui ana vidonge gani mfukoni.

Na kwa wenye wazazi wa sukari, ambao humu Kisii ni wengi, niongeze hili nililouliza kwa wanaojua. Kutoboa kidole kupima hakubatilishi swaumu, hivyo kipimo kiwe kwenye mkoba wa safari. Kikionyesha chini ya 3.9, au kikipanda juu ya 16.6, swaumu ya siku hiyo imekwisha, hata kama zimebaki dakika 15 adhana ilie. Kutetemeka, jasho la ghafla na maneno kuchanganyika ni dalili za sukari kushuka; mpe kitu kitamu kwanza, mabishano baadaye.

Sasa kuna safari ya aina nyingine, ya kuwaacha jamaa nyuma, nayo ndiyo hasa ya umri wetu. Wengi wenu mnamjua Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier mwaka 1325, ana miaka 21, umri wetu huu, peke yake bila mwenza, wazazi wake wote wawili wakiwa hai. Alikwenda Makka kuhiji, kisha hakurudi. Akapita hata kwetu. Karibu mwaka 1331 alifika Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea hadi Kilwa. Ndizi zilimshangaza kidogo, Mogadishu alizikuta zimepikwa kwa maziwa, na Mombasa akaandika kwamba watu chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. (Mkisii akisoma hapo hujiona amenyimwa sifa zake.) Akafika India, akafika China. Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipopata habari kuwa babake amefariki miaka 15 iliyopita. Akashika njia ya kurudi. Mwaka 1349, akiwa amekwisha ingia Morocco, akaambiwa mamake naye amekufa kwa tauni. Alipofika Tangier alilizuru kaburi.

Twamsifu kwa kuona dunia, na ni haki yake. Mimi lakini kila nikisoma habari zake husimama hapo kwenye miaka 15. Miaka 15 mtu anaswali na kumwombea babake umri mrefu, na mzee yuko ardhini! Yeye alikuwa na udhuru, barua ilitegemea misafara na majahazi. Sisi tuna simu. Jamani, mamako hukusikia lini mara ya mwisho bila neno M-Pesa ndani yake? Wengine tuko vyuoni, wengine wamekwenda Saudia na Qatar kutafuta riziki, na huko nyumbani watu wanazeeka.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha, kwa hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba safari ni kipande cha adhabu, inamzuia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, basi akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Na aliyekaa safarini muda mrefu alikatazwa kuwaingilia watu wake usiku ghafla, awape habari kwanza. Mwenyewe alipokuwa akirudi Madina, watoto wa nyumba yake walitolewa kumpokea, akawapandisha juu ya mnyama wake, mmoja mbele na mwingine nyuma. Piga picha hiyo, kiongozi wa umma mzima anaingia mjini na watoto kwenye kipando.

Mombasa tulifika siku ya pili kwa treni, usiku. Magokoro aliiona bahari, akaionja, akatema, akasema kumbe ni kweli. Kwa baba alikuwa akiketi chumba kimoja sasa, ingawa bado kila mmoja na sahani yake. Mengine ni ya nyumbani.

Siku ya mazungumzo yaliulizwa maswali, nitaje mawili. Dada mmoja aliuliza: akifika nyumbani mchana hali alikuwa amekula safarini, ajizuie mpaka jioni? Kwa Shafi ni sunna kujizuia kwa kuheshimu mwezi, si lazima, na siku ile atailipa. Na ajue pia kuwa akifikia ugenini akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, safari imekatika, afunge na aswali kamili kama wenyeji.

Ndugu mwingine akauliza kuhusu futari ndani ya treni, afuate saa ya mji gani. Afuate jua la pale alipo. Sisi Kisii tuko karibu nyuzi 35 mashariki, Mombasa karibu nyuzi 40, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Mombasa hutua kama dakika 20 kabla ya letu. Siku ile mimi nilifuturu tukikaribia Voi, tende tatu na maji, wakati wenzangu hapa mlimani bado wanalitazama jua. Na wewe uliye Mombasa, ukishafuturu usikimbilie simu kumwambia mamako wa Nyanchwa jinsi madafu yalivyo matamu. Mngojee hizo dakika 20.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.