Rubani na Hesabu Tatu: Mshahara wa Ng'ambo na Maisha ya Nyumbani

  Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu ana karatasi na kalamu, maana leo tutasoma na kuhesabu pamoja.

Habari yetu ya leo ni kazi ya rubani, yaani mtu aendeshaye ndege. Pengine mmoja wenu ananong'ona, "Sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Habari za marubani zatuhusu nini?" Swali hilo ni jema, nami nitalijibu. Rubani ni mtoto wa mtu. Alisomeshwa kwa fedha nyingi, na pengine ukoo mzima ulichanga. Siku moja atakuja nyumbani na kusema, "Baba, mama, nimeitwa Dubai. Huko mshahara ni mkubwa kuliko wa hapa." Wazee wataombwa shauri. Mume au mke wake ataombwa shauri pia. Asiyezoea kuhesabu atasema, "Nenda, mwanangu," au, "Usiende, mwanangu." Aliyezoea kuhesabu atasema, "Keti kwanza. Tuhesabu."

Kabla ya kuhesabu, na tujue kwa nini rubani wetu anaitwa. Emirates, kampuni ya ndege ya Dubai, ilianza mwaka 1985 kwa ndege mbili za kukodi. Leo ina ndege zaidi ya 200. Qatar Airways ilianza kuruka mwaka 1994, nayo leo ina zaidi ya 200. Kenya Airways, iliyoanzishwa mwaka 1977, ina ndege chini ya 50. Nchi za Ghuba hazina wananchi wa kutosha kuendesha ndege zote hizo. Kwa hiyo hutafuta marubani katika nchi nyingine.

Na kumfundisha rubani si kazi ya siku moja. Kwa kanuni za kimataifa, mtu hawezi kupata leseni ya juu, ile ya kumwezesha kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, mpaka awe ameruka saa 1,500. Kampuni ya ng'ambo yaona afadhali kumchukua aliyekwisha fundishwa. Ni kama mtu anunuaye ng'ombe anayekamuliwa, akaacha taabu ya kulea ndama.

Basi, barua imefika. Mshahara umeandikwa kwa tarakimu kubwa. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mshahara una tarakimu, kwa hiyo ni rahisi kuuona. Maisha ya nyumbani hayakuandikwa tarakimu popote, kwa hiyo huonekana kama hayana uzito. Mtu akiweka jiwe upande mmoja wa mizani na upande wa pili akauacha mtupu, hakupima kitu. Leo tutaandika tarakimu pande zote mbili.

HESABU YA KWANZA: FEDHA ZINAZOBAKI

Shikeni kalamu. Hatutataja mshahara wa mtu yeyote wa kweli. Tutaufanya mshahara wa rubani wetu wa hapa Nairobi kuwa 100, ili hesabu iwe nyepesi.

Nyumbani anapata 100. Tuseme kodi ya serikali ni 30. Zimebaki 70. Chakula, nyumba, karo za watoto na msaada kwa wazee ni 45. Zimebaki 25. Lakini mkewe naye ana kazi, naye huleta nyumbani 30 baada ya kodi. Jumla ya akiba yao ni 55. Andikeni 55.

Sasa tuseme ng'ambo atalipwa 160. Dubai mshahara haukatwi kodi ya mapato. Kampuni kubwa za huko zimezoea kumpa rubani nyumba, au posho ya nyumba. Tuseme anakwenda peke yake, na mkewe na watoto wanabaki Nairobi. Nyumba ya Nairobi bado yahitaji 45. Yeye mwenyewe huko atatumia 30. Nauli na mambo mengine ni 5. Jumla ya matumizi ni 80. Toa 80 katika 160, zabaki 80. Ongeza 30 za mkewe, zawa 110. Andikeni 110.

Mwaona? 110 ni mara mbili ya 55. Mtu asiwadanganye kwamba fedha ya ng'ambo ni ndoto. Ipo, na yaweza kujenga nyumba na kusomesha watoto.

Lakini tuseme anakwenda na jamaa yake yote. Mke anaacha kazi, kwa hiyo zile 30 hazipo tena. Maisha ya watu wote huko, pamoja na sehemu ya karo ambayo kampuni hailipi, na msaada kwa wazee waliobaki, ni 100. Toa 100 katika 160, zabaki 60. Nyumbani zilibaki 55. Tofauti ni 5 tu! Barua ilionyesha mlima, nasi tumekuta kichuguu.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila nyumba itaandika zake. Jambo la kushika ni hili: usilinganishe mshahara na mshahara. Linganisha kinachobaki na kinachobaki.

HESABU YA PILI: USIKU ANAOLALA NYUMBANI

Tugeuze ukurasa. Sasa hatuhesabu shilingi, twahesabu usiku.

Rubani wa safari fupi, kama Nairobi mpaka Mombasa, huruka kwa muda wa saa moja hivi, na mara nyingi jioni hurudi kwake. Rubani wa safari ndefu si hivyo. Dubai mpaka Los Angeles ni kama saa 16 angani. Marubani wanne hupokezana, na wakifika hulala hotelini kabla ya kurudi. Mwili wake haujui kama ni usiku au mchana.

Tuseme rubani wetu akifanya kazi nyumbani hulala nje usiku 10 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 120. Toa 120 katika 365. Hulala nyumbani usiku 245 kwa mwaka.

Akienda ng'ambo peke yake, tuseme ana likizo ya siku 42. Tena katika miezi 11 mingine aweza kuja mara moja kila mwezi kwa siku 3. Hizo ni 33. Jumla ni 75 kwa mwaka.

Mkataba wake tuseme ni wa miaka 6. Zidisheni. 245 mara 6 ni 1,470. 75 mara 6 ni 450. Tofauti ni usiku 1,020. Huo ni karibu miaka mitatu mizima. Usiku 1,020 watoto wanalala baba hayupo. Mtoto anaugua, mama ndiye anayempeleka hospitali peke yake. Mzee anaitwa na Mungu, mwana anafika baada ya maziko.

Nanyi mwajua kwamba rubani si mwanamume tu. Akiwa mama ndiye rubani, hesabu ni ile ile.

Sipendi kuwatia hofu. Wako mabaharia, madereva wa malori na askari ambao kazi zao ni kuondoka, na nyumba zao zimesimama. Nasema tu kwamba usiku ni mali, nao uandikwe. Fedha usiyoipata mwaka huu waweza kuipata mwaka ujao. Lakini mtoto wako wa miaka 6 hutamkuta mwaka ujao. Utamkuta wa miaka 7.

HESABU YA TATU: MIAKA

Hesabu ya tatu ni ya kutazama mbele.

Kwa kanuni za kimataifa, rubani wa ndege za abiria ziendazo nchi za nje haruhusiwi kuendelea akifika miaka 65. Kabla ya hapo, kila mwaka daktari humpima macho, moyo na viungo vingine. Akipita miaka 60, hupimwa kila miezi sita. Daktari akisema hapana, leseni haifanyi kazi. Nyumbani, rubani wa namna hiyo huumia, lakini bado yu kwao. Ng'ambo, kibali cha kukaa kwa kawaida kimefungwa pamoja na kazi. Kazi ikiisha, hana budi kufungasha mizigo. Miaka mingi ya kukaa huko kwa kawaida haimfanyi mwananchi.

Tuulize pia: akiondoka, atapewa nini? Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu yasema mgeni apewe kiinua mgongo. Kwa kila mwaka wa miaka 5 ya kwanza ni mshahara wa siku 21. Kwa kila mwaka unaofuata ni mshahara wa siku 30. Tuhesabu miaka 8. 21 mara 5 ni 105. 30 mara 3 ni 90. Jumla ni mshahara wa siku 195. Tena ni mshahara wa msingi tu, pasipo posho. Kampuni nyingine zina mifuko yao ya akiba. Kwa hiyo mkataba usomwe neno kwa neno kabla ya kutia sahihi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa nje ya kazi hii hawalijui. Katika kampuni nyingi za ndege, rubani hupangwa kwa tarehe aliyoingia. Aliyetangulia ndiye atanguliaye kuchagua safari na likizo, na mara nyingi ndiye atanguliaye kupandishwa kuwa kapteni. Rubani akitoka kampuni yake, akakaa ng'ambo miaka 8, kisha akarudi, huenda akasimama nyuma ya vijana aliowafundisha mwenyewe.

Je, kubaki nyumbani ndiko salama? Hapana, tuseme kweli. East African Airways ilianzishwa mwaka 1946, ikavunjika mwaka 1977, na watu wake wakatawanyika. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001, na haikuruka tena mpaka mwaka 2019. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ndege zilikaa chini dunia nzima. Kampuni za Ghuba ziliwaachisha kazi marubani wengi, na za kwetu pia zilipunguza watu na mishahara. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na moja ya madai yao lilikuwa mchango wa kampuni katika mfuko wao wa akiba. Kwa hiyo anayeondoka si msaliti, na anayebaki si mjinga. Kila mmoja ana sababu, mradi amehesabu.

SHAURI LETU

Neno rubani ni la kale kuliko ndege. Zamani rubani alikuwa mtu wa pwani aongozaye chombo kisipande mwamba. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa upepo wa kusi. Mabaharia wa pwani yetu nao walisafiri kwa pepo hizo. Mke wa baharia aliyebaki Lamu au Mombasa hakujua siku, lakini alijua majira. Upepo ukigeuka, alianza kutazama baharini.

Rubani wa leo hana upepo wa kumrudisha. Ndege huruka majira yote, na mkataba huongezwa mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo hana budi kujiwekea kusi yake na kaskazi yake. Kabla ya kutia sahihi, akae na mwenziwe na wazee, waandike mambo manne katika karatasi moja. La kwanza, fedha hii ni ya kazi gani: nyumba, karo, au deni la masomo yake? La pili, ni kiasi gani kitakachotosha? La tatu, ni usiku mangapi kwa mwaka hatakubali kuukosa? La nne, atarudi mwaka gani?

Kiasi kikitimia, au mwaka ukifika, karatasi itolewe sandukuni isomwe mbele ya wote. Wakitaka kuongeza miaka, na waongeze, lakini waandike upya. Asiyeandika kiasi kitakachotosha hataona kikitosha. Akijenga nyumba atataka ya pili, na akipata ya pili watoto watakuwa wamekwisha kuondoka katika ile ya kwanza.

Wazee walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni ndani chini. Baharia huzunguka chombo chote, lakini mwisho hushuka ndani. Kila aendaye atarudi. Basi na tujue mapema tutamkuta nani tukirudi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kampuni za Ghuba hutafuta marubani wa nchi nyingine?
2. Katika hesabu ya kwanza, kwa nini tofauti ilipungua mpaka 5?
3. Rubani amefanya kazi Falme za Kiarabu miaka 10. Kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku ngapi? (Jibu: 255.)
4. Mkataba ukiwa wa miaka 4, na tofauti ni usiku 170 kwa mwaka, jumla ni usiku mangapi? (Jibu: 680.)
5. Je, katika kijiji au mtaa wenu yuko aliyekwenda kazi mbali? Watu wa kwake wangeandika nini katika zile karatasi za mambo manne?

Kwa somo la kuandika, kila mtu aandike barua fupi kwa kijana aliyeitwa kazi ng'ambo. Msimwambie aende au asiende. Mwulizeni maswali manne.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.