Kuipima Fikira kwa Lugha ya Mama

Kwasi Wiredu alikuwa mwanafalsafa aliyezaliwa Kumasi, nchi ya Ghana ya sasa, mwaka 1931, akafariki mwaka 2022. Alisoma Oxford kwa Gilbert Ryle, akajifunza kuyachambua maneno kama mtu apepetavyo mchele.

Katika vitabu vyake, kimojawapo *Philosophy and an African Culture* cha mwaka 1980, atuusia kuipima kila fikira tuliyoipokea kwa lugha ya mama. Ulaya wako waliofundisha kuwa kauli ni ya kweli ikilingana na jambo lilivyo. Kwa Kiakan, kweli na jambo lilivyo vyote viwili husemwa kwa usemi mmoja: ndivyo lilivyo. Basi fundisho lile likigeuzwa Kiakan, halisemi ila lilivyo ndivyo lilivyo.

Na katika siasa alikumbusha kuwa wazee wa Waashanti walishauriana barazani hata wapatane, wasihesabu kura. Maana kura huwashinda wachache, wala haiwaridhishi.

Hakusema tutupe kila cha kigeni, wala tushike kila cha wazee. Vyote vipimwe. Nasi tusikiapo neno kubwa, na tuulize: kwa lugha yetu lina maana gani? Asiyeuliza hufikiri kwa kichwa cha kuazima.