Kipimo Ndicho Sabuni

Hotuba kwa vikundi vya wajasiriamali watengenezao sabuni ya maji



Baadhi yenu mmeianza kazi hii kwa mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Mkopo huo hulipwa na mnunuzi anayerudi. Naye harudi ikiwa sabuni imemchubua viganja. Kwa hiyo nitanena jambo moja tu: kipimo.

Sabuni ya asili hupatikana kwa kuchemsha mafuta, kama ya mawese au nazi, pamoja na kostiki soda. Udhaifu wake anaujua kila afuaye kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi: badala ya povu hutokea utando, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu zilizomo majini huigandisha. Sabuni hii ya kisasa, ditajenti, haigandi kwa urahisi huo.

Kiwandani huanza na benzeni, zao la petroli. Huunganishwa na mnyororo wa kaboni 10 hadi 13, kisha huchanganywa na gesi ya trioksidi ya salfa. Hapo hupatikana asidi ya salfoniki, kile kimiminika kizito cha kahawia mnachokinunua madukani. Mkia wake hushikamana na mafuta, kichwa chake na maji. Ndivyo uchafu unavyong'oka nguoni. Zamani mkia huo ulikuwa na matawi ambayo bakteria hawakuweza kuyavunja upesi, na katika miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ikajaa povu. Miaka ya 1960 viwanda vikahamia mkia ulionyooka, unaooza kwa wepesi zaidi.

Lakini zingatieni: mnachokinunua bado ni asidi. Huwa sabuni pale tu mnapoibatilisha kwa alikali. Uzito wa molekuli ya asidi hii ni takriban 320, na wa kostiki soda ni 40. Hivyo kilo 1 ya asidi yenye usafi wa asilimia 96 huhitaji gramu 120 za kostiki soda. Ikipungua, asidi hubaki na kumchoma mfuaji; ikizidi, kostiki soda ndiyo itakayomchoma. Povu jingi si ushahidi, wala harufu nzuri. Chumvi huifanya sabuni kuwa nzito, lakini haiondoi asidi. Shahidi ni karatasi ya pH: isomeke 7 hadi 8 kabla ya kujaza chupa.

Vaeni glavu na miwani. Tieni kostiki soda ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe msimwage maji juu yake, kwani joto lake hurusha matone machoni. Wala msiihifadhi katika chupa za soda au za maji ya kunywa: mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Waheshimiwa madiwani, naomba kila kikundi kinachopewa mkopo wa sabuni kipewe pia mizani na karatasi za pH. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kiganja cha mama afuaye kila siku.