Msianze na Paneli



Wahitimu wetu, wengi wenu mlikuwa wadogo Desemba 2009, umeme wa kutoka Bara ulipokatika na Unguja ikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Leo mteja anayejenga Paje au Jambiani hataki kusikia habari za gridi. Atawauliza paneli ngapi za jua, betri gani. Msimjibu. Mpelekeni kiwanjani kwanza, aonje upepo.

Pwani ile inapigwa na kusi na kaskazi, zote mbili. Madirisha ya joshini na ya demani yakitazamana, feni haina kazi, na feni isiyokuwapo haili betri.

Lakini upepo huohuo hung'oa paa. Watu hudhani paa husukumwa. Mara nyingi hunyonywa kwenda juu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Basi hapa ndipo pa kubishana na mteja: paa la miteremko minne, nyuzi 30 hivi, lifungwe kwenye kenchi, kenchi kwenye ukuta, ukuta kwenye msingi. Baraza lipewe paa lake mbali. Likiondoka, liondoke peke yake. Na asiwaambie mtu kwamba kwetu hakuna vimbunga. Aprili 1872 kimoja kilizamisha meli bandarini na kuangusha mikarafuu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia.

Sasa paneli. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, hivyo hazihitaji kusimamishwa. Mwinamo wa nyuzi 10 unatosha mvua ioshe chumvi, na upepo hauna pa kushika. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kati yake na fremu ya alumini muweke mpira, la sivyo alumini italiwa.

Maji? Milimita 50 za mvua juu ya paa la mita 80 za mraba ni lita 4,000, kabla ya upotevu. Anayetaka makuti kwa ajili ya picha aelezwe mapema kwamba hayatampa maji safi ya kunywa, na kisima cha ufuoni kikivutwa sana huleta chumvi.

Mtaniuliza kama mteja atalipia vifungo vya paa asivyoviona. Mara ya kwanza hatakubali. Mwandikieni bei mbili, ya vifungo na ya paa jipya, kisha nyamazeni.