Bustani ni ya Umma: Toeni Maoni Kabla ya Mkataba Kutiwa Sahihi

Hotuba ya afisa wa elimu ya uraia kwa wakazi, katika kikao cha kuwaandaa kwa ushirikishwaji wa umma, Nairobi

 

Leo nina jambo moja tu. Kaunti inapotaka kuendeleza bustani ya jiji kwa ubia na mwekezaji wa kibinafsi, mwananchi anasikilizwa lini, na aseme nini ili maneno yake yawe na uzito?

Tuanze na ardhi yenyewe. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Jedwali la Nne nalo limeipa kaunti jukumu la kutunza bustani na sehemu za burudani. Kwa hivyo kaunti ni mdhamini, na wenye mali ni nyinyi. Mwekezaji akija, hanunui bustani. Anapewa haki ya kuijenga, kuiendesha na kukusanya mapato kwa muda uliokubaliwa, kisha anairudisha. Utaratibu wa ubia wa namna hiyo umewekwa na sheria ya mwaka 2021.

Kuna wanaouliza kwa nini kaunti isifanye kazi hiyo yenyewe. Swali ni la haki. Bustani inahitaji maji, taa, vyoo safi, walinzi na watunza miti kila siku ya mwaka. Fedha hizo zinatoka mfuko uleule unaonunua dawa, kuzoa taka na kuziba mashimo barabarani. Bajeti ikibanwa, bustani ndiyo hukatwa kwanza. Matokeo yake mnayajua: taa zinakufa, vyoo vinafungwa, na ikifika jioni mama hawezi kupita na watoto wake.

Ushirikiano mzuri unaweza kubadilisha hali hiyo. Tazameni Msitu wa Karura. Huo hauko chini ya kaunti. Unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu pamoja na chama cha jamii. Zamani watu waliogopa kuingia Karura. Baada ya ua kuzungushwa, walinzi kuwekwa na jamii jirani kuhusishwa, leo familia zinatembea na kuendesha baiskeli humo. Lakini kumbukeni pia kwamba Karura mtu hulipa kiingilio. Kwa msitu, wengi wamekubali. Je, mtakubali vivyo hivyo kwa bustani iliyo katikati ya mji, ambako kibarua aliyekosa kazi asubuhi hupumzika kabla ya kurudi nyumbani kwa miguu? Hilo ni swali lenu kulijibu, na halipaswi kujibiwa na mtu mwingine kwa niaba yenu.

Mji huu una historia ya kujibu. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akauliza maswali hadharani, akatukanwa, na mwishowe jumba halikujengwa. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, nayo ilikabiliwa na mpango wa majengo mwaka 1991. Mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele kuupinga, na bustani ingalipo. Wakati huo hakukuwa na sheria ya kuwalazimisha wakubwa kumsikiliza mwananchi. Leo ipo. Ushirikishwaji wa wananchi umo katika Kifungu cha 10 cha Katiba na katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu.

Sasa tuje kwenye maoni yenyewe. Mtu akisimama barazani akasema "tunataka maendeleo" au "hatutaki mwekezaji", anapigiwa makofi na kikao kinaisha. Mwandishi wa mkataba hana la kuandika kutokana na maneno hayo. Maoni yanayofaa ni yale yanayoweza kuingia kwenye mkataba kama sharti. Kwa hivyo ulizeni haya.

Kwanza, kiingilio. Kuingia kutakuwa bure? Kama kuna ada, ni ya nini, na nani ana mamlaka ya kuipandisha? Mnaweza kudai kwamba kuingia kubaki bure, na mwekezaji apate mapato yake kwa maegesho, mikahawa au kumbi za sherehe.

Pili, eneo. Ni sehemu gani ya ardhi itakayojengwa, na ni miti ipi itakayokatwa? Dai liwe la kipimo, lionyeshwe kwenye ramani. Neno "kiasi" halimfungi mtu.

Tatu, wanaojitafutia riziki humo. Uhuru Park ilipofungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, wapiga picha na wachuuzi walipoteza mahali pao pa kazi. Ulizeni: bustani itafungwa yote au kwa awamu? Wachuuzi watahamishiwa wapi, na watarudi kwa masharti gani?

Nne, muda na mapato. Mkataba ni wa miaka mingapi? Kaunti itapata fungu gani, na fedha hizo zitatumika wapi?

Tano, makosa. Mwekezaji akiacha vyoo vichafu au akijenga mahali asiporuhusiwa, adhabu ni ipi, na mkataba unavunjwaje?

Ili kuuliza vizuri lazima muwe mmesoma. Msingoje siku ya baraza. Ombeni muhtasari wa mradi mapema, kwa lugha mnayoielewa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lenu ndani ya siku 21. Andikeni maoni yenu, hata ukurasa mmoja, yawe na majina na sahihi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kumbukumbu za baraza zikitoka, someni kama mlichosema kimo. Kama hakimo, nendeni kwa mwakilishi wenu wa wadi, au muwasilishe ombi rasmi kwenye bunge la kaunti.

Nasi maafisa tuna wajibu wetu. Tukitangaza kikao leo kifanyike kesho, au tukileta hati ya kurasa mia kwa Kiingereza cha mawakili, tumewafungia mlango. Tuambieni, na muandike hilo pia. Tena, baada ya kupokea maoni, ni haki yenu kuambiwa yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa nini.

Mkataba wa ubia hudumu miaka mingi. Mtoto anayecheza kwenye nyasi leo anaweza kuwa mtu mzima kabla haujakwisha. Yeye hawezi kuja barazani. Semeni kwa niaba yake, na semeni kabla wino haujakauka.

 Sasa karibuni kwa maswali.