Kilomita tano ndani ya gari

Ndugu msikilizaji, katika vile vipindi vya televisheni vinavyoitwa vya maisha halisi, mbio ndefu zimepewa kazi maalumu. Mtu mnene huonyeshwa akilia mwanzoni, akitokwa jasho katikati, na mwishoni akimaliza marathoni huku mikono iko juu. Muziki unapanda, familia inamkumbatia, nasi tuliokaa kwenye makochi tunafuta machozi. Yote hayo kwa dakika 3 au 4. Leo nauliza: yale masaa mengine yamekwenda wapi?

Chukua kipindi cha Kimarekani kiitwacho The Biggest Loser, kilichoanza mwaka 2004, ambamo washiriki walishindana kupunguza uzito. Mwaka 2009 watazamaji walielezwa kuwa mshiriki mmoja alikuwa amekimbia marathoni kwa saa 3 na dakika 53. Huo ni mwendo wa dakika 5 na nusu kwa kila kilomita, kilomita 42 na ushei mfululizo. Wako wakimbiaji wa kawaida wanaojinyima usingizi miaka kadhaa kuutafuta muda huo na wasiupate.

Wakimbiaji wakaanza kuuliza maswali. Kumbe kama maili 3 za njia ile, yaani karibu kilomita 5, bwana yule alizipita akiwa ndani ya gari. Watengenezaji wa kipindi wakalazimika kukiri. Wahenga walikwishasema kuwa njia ya mwongo ni fupi.

Mimi ni mtu wa redio, na kukata ni sehemu ya kazi yangu. Mgeni akizungumza kwa saa nzima, wewe unasikia dakika 5. Hakuna anayelalamika, kwa sababu maneno yale aliyasema kweli. Kadhalika mtu wa televisheni hawezi kutuonyesha mbio za saa 4 bila kupunguza. Ana ruhusa ya kukata picha za njia. Njia yenyewe hana ruhusa ya kuikata.

Tena kinachokatwa mara nyingi ndicho kiini cha mchezo. Marathoni haiko kwenye utepe. Iko kwenye miezi ya mazoezi ya alfajiri, wakati hakuna anayepiga makofi. Iko kwenye kilomita ya 30 na kuendelea, pale akiba ya nguvu mwilini inapokaribia kwisha, miguu inakuwa mizito kama magogo, na akili inaanza kutafuta sababu ya kusimama. Hapo hapana cha kupiga picha, ila mtu mmoja anayejikokota.

Hasara yake inampata mtazamaji. Kijana wa mjini anayetazama vipindi hivi anaamini kuwa wiki chache na moyo wa kupenda vinatosha. Anajiandikisha mbio za Kilimanjaro, anafika kilomita ya 30, mwili unagoma. Hakuna aliyemwambia kuwa hali hiyo huwapata hata mashujaa. Anajiona dhaifu, anavua viatu, na hakimbii tena. Kumbe hakushindwa na mbio. Alidanganywa na picha.

Sisemi kwamba kamera na mbio ndefu haviwezi kupatana. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari aliingia uwanjani usiku, mguu umefungwa bendeji baada ya kuanguka njiani. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla yake. Watazamaji wengi walikwishaondoka. Akhwari alikuwa wa 57, na wa mwisho kati ya waliomaliza. Kamera zilizokuwa bado pale zilimwonyesha jinsi alivyokuwa: akichechemea, akikimbia kidogo, akichechemea tena. Hakuna aliyempangia cha kufanya, wala hakuna aliyempa lifti. Zaidi ya nusu karne imepita na dunia bado inazitazama picha zile.

Bwana yule wa mwaka 2009 huenda angetumia saa 4 na nusu, au hata 5. Kwa mtu aliyekuwa mnene kiasi kile, hiyo ingekuwa habari kubwa ya kutosha. Televisheni ilikuwa na ukweli mzuri mkononi, ikaona haufai, ikaupakia garini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.