NANI AMSHIKE MTOTO, MAMA AKIWA KAZINI?



Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni kina mama. Bamvua halimngoji mtu: maji yakitoka, sharti washuke pwani. Mwenye mama mzazi humwachia mtoto. Asiye naye ama humlipa mlezi, na faida yote ya mwani ikaishia hapo, ama humchukua mtoto juani.

Wako wasemao kuwa malezi ni jambo la nyumbani, Serikali haihusiki. Hoja hiyo haisimami. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika kifungu cha 18 unaitaka Serikali ihakikishe watoto wa wazazi wafanyao kazi wanapata huduma za malezi. Wala fedha si udhuru. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani alichangia. Aliyeweza kumkumbuka mzee hashindwi kumkumbuka mtoto.

Basi tunadai Serikali ilipe sehemu ya ujira wa mlezi kwa kila mzazi wa kipato duni, na majina yabandikwe wazi katika kila shehia, msaada usije ukawa wa kujuana.

Nanyi wanachama, orodhesheni wazazi wa mtaa wenu wenye haja hiyo. Kadi ya mtu isiulizwe, yetu wala yao. Mtoto hana chama.